Disketi ya Sitini na Nne

"Viatu vua. Na soksi."

Mwalimu Annonciata akavua, huku moyoni akimcheka Bwana Kasimiri, Afisa Kompyuta wa chama cha wakulima hapo Makanyagio. Afisa! Semina ya siku tatu tu Tabora, basi mtu karudi hasalimii tena wenzake.

Kasimiri aliishika disketi kwa ncha ya leso, akaigeuza, akainusa.

"Imetoka wapi hii?"

"Katumba. Nimepiga baiskeli tangu alfajiri. Ni majina ya watoto wetu thelathini na wanane waliofaulu kwenda sekondari. Printa yetu imekufa, na Sumbawanga hawapokei orodha ya mkono. Lori linaondoka saa nne hii hii, kaka. Isipofika leo, nafasi wanapewa wengine."

"Disketi zenu zinalala na kuku huko, halafu mniletee virusi? Thubutu!"

Akafungua daftari, akaandika taratibu: *Disketi ya sitini na nne. Imekataliwa.*

"Nyie walimu mnadhani kompyuta ni redio. Mwaka wa pili huu nailinda. Kila mwezi nawaandikia wafadhili: kirusi hata kimoja hakijaingia. Wamenipa mpaka cheti."

Kweli, cheti kilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo. Ripoti ya mwezi huu ilikuwa mezani, imeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa maringo. Nyuma ya Kasimiri, juu ya meza nyingine ya mninga, kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu.

"Basi ipime kwanza," Annonciata akasihi. "Si ulifundishwa kupima?"

"Kupima ni mpaka niiingize. Nikiiingiza, si imeshaingia?" Akasonya. "Nenda mama, usinichoshe."

Honi ya lori ikalia barabarani. Annonciata akawaona wale watoto, mmoja mmoja, wakirudi shambani kupalilia tumbaku. Hasira zikampanda. Mwanaume mzima, akili kisoda!

"Lete hapa. Naiingiza mwenyewe."

Akampokonya disketi, akampita kwa bega, pekupeku, akakishika kitambaa na kukivuta chote.

Kasimiri akapiga yowe.

Chini ya kitambaa palikuwa na katoni ya kompyuta. Utepe wa kiwandani ulikuwa haujakatwa.