Jibu la Saa Kumi

"K yako inachechemea," mkewe alisema kwenye redio kutoka chini, ukingoni mwa uwanja mdogo wa ndege kando ya maduka ya mji. "Ongeza mguu wa chini."

Rubani aliinamisha bawa, akabonyeza kitufe, akahesabu sekunde tano, akaachia. Nyuma yake moshi mweupe ulimwagika na kutulia angani, mita elfu tatu juu ya mapaa ya mji. Hakuona ulivyokaa. Mwandishi wa angani haoni anachoandika. Yumo ndani ya kalamu.

"Sasa?"

"Sasa imesimama. Nenda kwenye U."

Alicheka peke yake. Huku juu alikuwa mtu mwingine kabisa. Chini alikuwa mzito, tena mzito wa kupitiliza: barua zilimngoja mezani wiki nenda wiki rudi, na mkewe akiuliza zitajibiwa lini, jibu halikubadilika, "Bado nafikiria." Lakini mpe ndege, tangi la mafuta ya moshi na anga lisilo na upepo, uone mzee wa watu anavyochangamka.

Ufundi huu aliurithi kwa mwalimu aliyeurithi kwa mwalimu, mpaka kwa wale wa karibu miaka mia iliyopita, waliomwaga mafuta kwenye bomba la moto la injini na kugundua kwamba moshi unaweza kuuza sabuni. Hao hawakuwa na redio wala mke wa kuwasahihisha. Walihesabu kwa mdomo, wakakata kona kwa kukisia, na aliyesahau kugeuza herufi zake kushoto kulia aliwaacha watu chini wakisoma kinyumenyume.

Leo hakuuza sabuni. Mkewe, ambaye ndiye aliyepokea kazi zote, alimweleza asubuhi wakinywa chai. Kuna kijana ameomba kuoa, na mwezi wa tatu huu hajajibiwa. Amepata kazi mbali. Ikifika saa kumi jioni kimya bado ni kimya, atapanda basi aende zake, na hatarudi kuuliza tena. Jibu lenyewe ni neno moja: NIMEKUBALI.

Rubani aliweka kikombe chini. "Miezi mitatu? Huyo anayemngojesha ana moyo wa aina gani? Mtoto wa watu si atakonda?"

"Hata mimi nashangaa," mkewe alisema, akimwongezea chai.

"Na kwa nini asimwambie tu?"

"Ulimi mzito. Kuna watu hivyo."

Basi jambo hilo likamkaa rohoni. Alikagua ndege mara mbili. Binti yake, ambaye ndiye fundi wa injini, alijaza tangi huku akipiga mluzi, kisha akamkumbatia baba yake bila sababu na kumpaka grisi begani. Rubani hakuuliza. Mawazo yake yote yalikuwa kwa yule kijana na basi lake.

"Saa tisa na dakika arobaini," redio ilisema. "Upepo umeamka, baba watoto. N inaanza kunenepa."

Alikaza mkanda. Neno la moshi lina haraka zake: usipofika mwisho mapema, mwanzo unakuwa wingu la kawaida. Alipiga B kwa mizunguko miwili iliyompandisha chai kooni, akapanda na kushuka na A, akakata L kwa pembe kali hata vyuma vikalalamika. Alikuwa anapiga kelele za furaha, mtu wa miaka sitini na mbili, na hakuona haya hata kidogo.

"I hiyo moja imebaki," mkewe alisema. "Usiniangushe."

Sekunde saba, mstari mmoja, basi.

"Inasomeka?"

"Inasomeka mpaka hospitali. Watu wametoka madukani. Kinyozi yuko katikati ya barabara, na mteja wake yuko naye, nusu ya kidevu ina povu."

"Na kijana? Ameiona?"

"Ameiona. Ameketi chini kwenye nyasi, kashika kichwa, anacheka. Weka sahihi sasa."

Waandishi wa angani hutia sahihi kama wachoraji. Yake ilikuwa duara lenye mkia, na hapo mjini hata watoto wa shule waliitambua. Siku nyingine aliichora ndogo, pembeni. Leo alikuwa amelewa furaha. Aliizungusha chini ya neno lote, kubwa kuliko herufi yoyote, akaukokota mkia wake mpaka mafuta yakaisha.

Alitua saa kumi kasoro dakika tano. Aliruka chini kabla pangaboi la ndege halijaacha kuzunguka, nywele zimesimama, miwani imekaa upande.

"Yuko wapi bwana harusi?" aliuliza. "Lazima nimpe mkono. Na huyo aliyemtesa nikimwona nitamwambia ukweli wake."

Mkewe alifuta macho kwa ncha ya kanga, akamwelekeza kwenye ofisi ya karakana.

Ndani walikuwa wameketi watu sita, wamevaa nguo za kutokea. Wa mwisho alikuwa kijana mwenye majani ya nyasi kwenye suruali. Mkubwa wao, mzee mnene mwenye sauti ya kuhutubia, aliinuka, akamshika rubani mkono kwa mikono yake yote miwili na asiuachie.

"Mkwe wangu," alisema, "tangu tulipokuletea barua ya kumposa binti yako tulidhani umetudharau. Kumbe ulikuwa unatafuta karatasi ya kutosha."