Kobe Kizingitini

Palikuwa na ghala la Kiboko, lenye mtama tele, na wavunaji wake, nyani na Kobe, walilala njaa. Siku ya mgomo nyani waliokota mawe.

"Mzee Kobe, kwenu mnagomaje?"

"Sisi huketi."

"Mbona hata kazini umeketi," wakamcheka.

Kobe akaenda kuketi kizingitini mwa ghala, mlango ukiwa wazi, aone mawe yataleta nini. Yalileta mbwa wa Kiboko. Nyani wakatimua mbio. Kobe akaingiza kichwa, na mbwa wakaguguna gamba mpaka wakachoka. Kiboko aliposukuma mlango aufunge, gamba likazidi kuuzuia. Mvua nayo ilikuwa yaja, na mtama ungelowa.

"Unataka nini?"

"Kila mvunaji debe moja."

"Haya, kawaite nyani."

"Nikiondoka utafunga."

Kiboko akashika njia ya porini, akiwaita nyani mmoja mmoja kwa jina.