Kanuni ya Vifo Vitano

Bahasha ilikuwa imesukumwa chini ya mlango. Karani wa idara ya barabara, ambaye kila siku hufika ofisini kabla ya wenzake, aliiokota hata koti hajalivua. Ndani mlikuwa na mistari miwili: "Wa tano mtampata leo saa mbili na nusu, pale njia panda. Asante kwa uvumilivu wako."

Haikuwa na jina, wala haikulihitaji. Pembeni mwa karatasi palikuwa na alama ya kidole chenye grisi.

Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika kumi.

Karani alimjua mwenye kidole hicho. Kwa miezi kumi fundi baiskeli alikuwa akija dirishani kwake kila Jumatatu, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kutoa pole. Ombi lake halikubadilika: taa na kivuko pale njia panda. Na jibu nalo halikubadilika.

"Mzee wangu, mkono wangu mfupi. Sheria ndogo inasema kivuko kinawekwa mahali walipokufa watu watano ndani ya miaka mitatu. Ninyi mna wanne."

"Wa nne ni binti yangu."

"Najua, baba. Pole sana."

Binti huyo alikuwa akirudi kwa baiskeli baada ya kumfikisha mtoto wake shuleni. Dereva wa lori lililomgonga aliachiwa kwa onyo tu. Pasipo na kivuko, sheria haimpi mwenye baiskeli wala mwenda kwa miguu haki ya kupita. Anapita kwa bahati yake. Mtoto akabaki kwa babu, na shule ikabaki ng'ambo ya barabara ile ile.

Siku moja fundi aliuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza pale dirishani. "Kwani kwa nini watano? Kwa nini wasiwe wawili?"

Karani alicheka kidogo, kwa aibu. Alikuwa mtu mkweli, na kuna wakweli ambao ulimi wao hauna breki. "Nikwambie? Hiyo namba niliiandika mimi. Kamati ilitaka namba, na chai ilikuwa imeshaletwa mezani. Wawili niliona wachache mno. Kumi tungeonekana hatuna utu. Basi nikaandika watano."

Fundi aliinua macho kutoka kwenye kofia yake.

"Kumbe ni wewe," alisema kwa upole, akavaa kofia yake akaenda zake.

Tangu siku hiyo karani hakulala vizuri. Alipeleka pendekezo la kubadili kanuni, akalisimamia mwenyewe mbele ya kamati mpaka koo likamkauka. Likarudishwa: lisubiri mwaka ujao. Jumatatu iliyopita alimweleza fundi, na kwa kuwa hakuzoea kuficha, akaongeza, "Halafu mzee, Ijumaa hii yule wa kwanza anatimiza miaka mitatu tangu afe. Anatoka kwenye hesabu. Mtabaki na watatu."

"Hata maiti mna tarehe ya kumtupa," alisema fundi. Hakulia, wala hakupandisha sauti.

Na leo ilikuwa Alhamisi.

Karani alitia barua mfukoni akatoka mbio, bila kufunga mlango, bila kumsubiri mtu wa kumwambia. Viatu vyake vya ofisini viliteleza kwenye vumbi la ukingo wa barabara. Njia nzima nafsi ilimsuta. Mzee wa watu anakwenda kujiua kwa namba uliyoiandika wewe huku unapuliza chai! Utajitetea nini?

Pale njia panda watu walikuwa wamejazana ukingoni, bega kwa bega, wenye baiskeli na wenye vikapu, wakivizia upenyo. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Macho yote yalikuwa kulia, kwenye mteremko, ambako malori ya kokoto hushuka bila huruma. Fundi alikuwa mstari wa mbele kabisa. Alivaa shati lililopigwa pasi.

Karani alijipenyeza hadi ubavuni pake, akamshika mkono kwa nguvu. Pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Mzee... nimewahi. Namshukuru Mungu nimewahi."

"Nilijua utakuja," alisema fundi. "Wewe ni mtu mwema. Barua yangu iko wapi?"

"Ninayo hapa."

"Umemwonyesha mtu?"

"Ningekuaibishaje, mzee wangu? Hata ofisini hawajui nilipo."

"Nipe."

Karani akaitoa, akampa. Fundi aliikunja mara nne, akaitia ndani ya soksi yake, kisha akainuka na kujisogeza nyuma kidogo ili karani apate nafasi ya kusimama vizuri. Karani alifarijika kumwona akirudi nyuma. Machozi yalimlenga.

"Tutaandika tena, mzee. Nitakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti, nitapiga magoti. Lakini hili usilifanye. Ukijitupa wewe, yule mtoto atalelewa na nani?"

Fundi alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesingiziwa wizi.

"Nijitupe mimi?" alisema. "Mwanangu, mimi nina mjukuu wa kulea."

Lori lilikuwa linamalizia mteremko. Kiganja kipana cha fundi kikatua katikati ya mgongo wa karani, taratibu, kama cha baba anayemvusha mwanawe barabara, kikasukuma.