Mwenye Hadithi ya Tanuri

Jambo ambalo Andwele hakulitilia maanani lilikuwa ile sweta. Alidhani ameletewa yeye.

Luciana, mkulima wa Kasense, aliingia nayo katika ofisi ya utamaduni mjini Sumbawanga, ameikumbatia kifuani. Baada ya salamu alieleza kwamba hadithi yake imesomwa redioni kwa jina la mtu mwingine, mmoja aitwaye Polikarp, wa Tabora.

Andwele, afisa kijana kutoka Mbeya, alikuwa akiyangoja madai ya namna hiyo tangu atoke chuo kikuu. Akamweleza kwa upole kwamba mtunzi ana haki juu ya alichokitunga, awe msomi wa mjini au mwanakijiji wa ujamaa. Ila lazima madai yaandikwe, na hadithi yenyewe pia.

Basi mama akasimulia, naye akaandika. Ilihusu tanuri la kuyeyushia chuma, kama lile lililo juu ya Kasense. Wahunzi walipoliacha likaona baridi, likawa linamwomba kila mpita njia nguo ya kujifunika.

"Nani mwingine aliyewahi kuisikia, mama?"

"Zenon wangu tu. Niliitunga akiwa mdogo, anaugua."

"Anaweza kuja kutoa ushahidi?"

"Alikwenda vitani."

Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na wengi walikwisha kurudi. Andwele akaandika kwamba hakuna shahidi. Ilimsikitisha, kwa ajili ya madai.

"Na huyu Polikarp unamfahamu?"

"Jina mtu hubadili."

Andwele akaafiki kimoyomoyo. Wezi ndivyo walivyo.

Luciana hakuuliza lolote juu ya fidia. "Atakuja mwenyewe, Bwana Utamaduni?" ndilo alilotaka kujua, akasihi mtu huyo asitishwe wala asifungwe. Aje tu. Andwele aliistahi huruma hiyo. Akamtania kuhusu sweta: yeye mtu wa Mbeya, baridi ya Ufipa haimbabaishi, mama arudi nayo nyumbani. Luciana akatabasamu, akaikunja upya.

Polikarp alipopelekewa habari hakubisha, alisema atakuja. Siku ya ahadi Luciana alifika kabla ofisi haijafunguliwa, amevaa kitenge chake cha kanisani, sweta mkononi. Mlango ulipogongwa, akasimama.

Aliingia kijana mrefu anayechechemea. Luciana alimtazama usoni, kisha akatazama nyuma yake, mlangoni, kwa muda. Andwele naye akatazama. Hapakuwa na mtu.

Mama akaketi.

"Shikamoo, mama," alisema Polikarp. "Mimi sikuiba. Nilisimuliwa hospitalini, kule vitani, na mwenzangu wa kitanda cha jirani. Aliirudia kila alipoona baridi, hadi alfajiri ile alipofunikwa uso. Nilidhani imebaki haina mwenyewe."

Andwele, kwa furaha, alikuwa amekwisha kuandika: amekiri.

Madai ya Luciana yalikubaliwa, na hadithi ikaandikishwa kwa jina lake. Tanuri la kale lililo juu ya Kasense sasa limefunikwa mdomo kwa sweta ya kiume.