Rafiki wa Miaka Kumi na Miwili

"Mama, Zuu anataka nimtumie picha nikiwa bafuni. Eti ni siri yetu wasichana."

Mwajabu aliacha kupara samaki. Huyo Zuu, rafiki wa bintiye wa kwenye gemu ya simu, alidai ana miaka kumi na miwili na anakaa Madale. Sauti yake hawajawahi kuisikia.

"Lete hiyo simu."

Gamba la samaki liling'ang'ania dole gumba lake, likimetameta juu ya kioo cha simu wakati akiandika neno moja tu: Shikamoo.

"Mama! Zuu ni rika langu, atanicheka!"

"Akicheka, nitakuomba radhi."

Zuu hakucheka. Jibu liliingia papo hapo, kwa mazoea ya mtu anayeamkiwa kutwa nzima: Marahaba, binti.

Jibu likafutwa upesi, lakini Mwajabu alikuwa ameshapiga skrinishoti. Alisimama, kanga ikimdondoka begani, macho yakiwaka.

"Vaa ndala, twende polisi. Leo ataamkia yeye."