Kamera Iliyomkataa Bi Salha

Siku hizo kamera za vitambulisho zilikataa tabasamu la kuigiza, na asiye na kitambulisho hakupewa dawa hospitalini. Bi Salha, mgonjwa wa moyo, alikaa asubuhi nzima mbele ya Nuhu, mpiga picha wa mtaa wa Chumbageni. Nuhu alimwambia alegeze mabega, avute pumzi, akumbuke siku ya harusi yake. Kila mara kamera ilikataa.

"Basi tena, baba," alisema Bi Salha. "Tangu mwanangu Faraji apotee, uso huu umesahau kucheka."

Nuhu aliingiwa na huruma. Akasema, "Mama, Faraji nilimwona juzi Korogwe. Ni mzima."

Uso wa Bi Salha ukachanua, na kamera ikakubali.

Jioni Nuhu alimpelekea kitambulisho nyumbani, akiwa amedhamiria kumwambia ukweli. Alimkuta anapiga pasi mashati ya mwanawe, na kitanda cha chumba cha uani kimetandikwa shuka jipya.

"Karibu, baba. Hebu niambie," alisema Bi Salha, "amekonda?"

Nuhu aliweka kitambulisho mezani, kando ya mashati.

"Amenenepa kidogo, mama," akajibu.