Mchi na Simu

Fidélie, mpatanishi wa mtaa, alitaka tu kuzima simu yake kabla ya kikao kuanza, lakini kidole kikagusa pasipotakiwa.

"Nitatwanga mpaka ukuta uanguke!" simu ikafoka kwa Kiswahili cha vitabuni. "Kama jirani hapati usingizi, akalale kiwandani!"

Mbele yake walikaa watu wawili: mama muuza sombe, viganja vya kijani kwa kutwanga majani ya muhogo, na jirani yake wa ukuta mmoja, mtu wa zamu ya usiku katika kiwanda cha Shituru, macho mekundu. Kishindo cha mchi kilimnyima usingizi kila asubuhi, na tangu Pasaka walikuwa hawajasalimiana.

"Ile ni nani?" mama akauliza.

Fidélie akaifunika simu kwa kiganja. "Njo weye, mama. Jana niliambia ile akili ya telefone ijifanye weye, nijifunze namna ya kukujibu."

"Miye? Niko mubaya vile?"

Fidélie alifungua kinywa, lakini jirani akamtangulia.

"Apana! Ile machine inadanganya! Wakati malaria ilinilalisha, nani alinitumia sahani ya bukari na sombe kila siku? Huyu mama hawezi kusema vile. Zimisha!"

Mama akavitazama viganja vyake, akavisugua kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, na rangi isitoke. Kisha akaangua kicheko, mabega yakitikisika.

"Papa," akasema, "kumbe weye unaamukaka saa ngapi?"